Sinia la Jalalani

Juma lililopita mliniacha sebuleni kwa mama mkwe. Nimeshamkabidhi zawadi yake iliyofungwa kwa karatasi ya maua, naye ameshaanza kuichana kwa kucha.

Kwa aliyekosa, nimfupishie. Nilifukuzwa kazi dukani kwa kosa lililofanywa na paka. Mwenye nyumba wetu akajenga ukuta katikati ya chumba chetu, nusu akampangisha mtu mwingine. Nikapata kazi ambayo wakwe zangu hawaijui, wao wanadhani ni ya ofisini. Na siku hiyo familia nzima ilikuwa imekaa kuamua jambo moja tu: mimi na mume wangu tupewe kile kiwanja cha nyuma tujenge vyumba viwili, au tuendelee kulala na mapacha wetu kitanda kimoja, miguu ya huyu usoni kwa yule.

Kiwanja ni cha mama mkwe, alikirithi kwa mama yake. Neno lake likitoka, limetoka. Ndiyo maana sikuja mikono mitupu.

Basi karatasi ikachanika. Sinia la shaba likatokeza, linang'aa, maana nililisugua kwa ndimu na majivu mpaka vidole vikafa ganzi.

Mama mkwe hakusema asante. Akaligeuza, akalitazama mgongo. Akapitisha kidole kwenye ukingo, mpaka pale penye kibonyeo, na kidole kikabaki pale pale.

"Umelipata wapi?"

"Nimelinunua, mama."

"Kwa nani?"

"Kwa... kwa mtu."

Mama mkwe wangu husimama kwa awamu: goti hili, kisha lile, kisha lawama. Siku hiyo alisimama mara moja.

"Umeenda kwa dada yangu!"

Hapo nikajua nimekwisha.

Dada yake ni mkubwa kwake, sisi tunamwita Mama Mkubwa, ingawa katika nyumba ile haitwi kwa jina lolote. Anakaa upande wa pili wa soko. Zamani, mume wangu akiwa darasa la kwanza, alikuja kumsalimia mdogo wake, akanywa chai, akaondoka. Jioni sinia la shaba aliloacha mama yao halikuonekana. Wote wawili walikuwa wamelitaka tangu marehemu alipofariki, kwa hiyo mama mkwe hakuhitaji upelelezi. Tangu siku ile hawajasalimiana. Wakikutana msibani, mmoja anakaa karibu na mlango na mwingine karibu na dirisha.

"Amekutuma!" mama mkwe akafoka. "Amekutuma uje kunicheka na sinia la mama yangu mwenyewe. Halafu unataka kiwanja!"

"Mimi nilisema," akadakia wifi yangu kutoka kwenye kochi. Wifi yangu huwa alishasema kila kitu. "Mtu wa ofisini gani ana kucha zile?"

"Mama, subiri kidogo," mume wangu akajaribu.

"Wewe nyamaza. Wewe ndiye uliyeolewa."

Nikamgeukia baba mkwe. Yule mzee ndiye mtetezi wangu pale nyumbani, kinyozi mstaafu, mpole, mtu wa utani. Siku ya kwanza nilipoletwa kutambulishwa, yeye ndiye aliyeniachia kiti chake. Neno lake moja humpoza mkewe hata akiwa amechemka vipi.

Siku hiyo alikuwa anakagua dari. Sijui ilikuwa na nini.

"Kiwanja nitapanda vitunguu," mama mkwe akatangaza. "Na wewe mama mapacha, beba sinia lako urudi kwa aliyekutuma."

Nikaona heri kuaibika kuliko kukosa nyumba. Nikajikaza kisabuni.

"Mama, nilikudanganya. Sikulinunua. Nimelifukua."

"Umelifukua wapi?"

"Jalalani."

Wifi yangu alicheka mpaka akakohoa.

Sasa nanyi wasomaji mnaijua kazi yangu, lakini wakwe walichokuwa wanajua ni kwamba nafanya "mambo ya mazingira". Mama mkwe alikuwa ameshawatambia majirani kwamba nina ofisi yenye feni. Ikabidi nivunje ukimya nieleze yote, nimesimama katikati ya sebule.

Nikawaambia kwamba lile jalala la zamani, lililofungwa likaota nyasi mpaka mbuzi wakahamia, sasa linachimbwa. Chini mle mna chuma, bati, chupa, shaba, mali ya mji mzima iliyotupwa na wazee wetu. Kijiko, ile mashine ya kuchimbia, kinachota, kinamwaga kwenye chekeche kubwa la duara linalozunguka. Udongo unadondoka chini, sumaku inavuta chuma, vingine vinapita kwenye mkanda vikachaguliwe. Shida ni mifuko. Mfuko uliofungwa fundo hauozi, unakaa vile vile miaka na miaka, na ukiingia kwenye chekeche unalikaba. Kwa hiyo mbele ya kijiko tunatangulia sisi wanawake wenye kulabu na visu. Tunaivuta mifuko, tunaipasua, tunamwaga kilichomo. Ndiyo kazi yangu. Mimi ni mpasua mifuko.

"Na msimamizi wetu ana utaratibu," nikamalizia. "Mwisho wa mwezi kila mpasuaji anaruhusiwa kuchukua kitu kimoja alichokipenda. Wenzangu wanachukua masufuria. Mimi nikachukua sinia, nikasema hili ni la mama."

Nikasubiri niambiwe nitoke nje nisije nikachafua zulia.

Mama mkwe akakaa, polepole.

"Jalala lile la zamani?"

"Lile lile, mama."

"Lilikuwa chini?"

"Chini kabisa."

Akapiga makofi. Jamani, mama mkwe wangu akapiga makofi!

"Alilitupa! Mnasikia? Aliliiba, akaona aibu, akashindwa hata kulitumia, akalitupa jalalani! Miaka yote ananiambia nimemsingizia!" Akanivuta, akanikumbatia, mimi na kucha zangu. "Mwanangu, umenitua mzigo."

Nimeolewa muda wote huo, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuniita mwanangu. Nikasahau jalala, nikasahau kiwanja, nikataka kulia.

"Na ule uongo wa ofisi?" wifi akauliza.

"Hilo tutaliongea siku nyingine." Akamgeukia mume wangu. "Nenda kamwite mama yako mkubwa. Mwambie namwita mimi. Usimwambie ninamwitia nini."

Mume wangu akatoka mbio. Mimi nikaenda jikoni kupika chai, natembea juu ya mawingu.

Niko jikoni nasubiri maji, akili ikaanza kunirudia. Furaha huwa inanichelewesha kufikiri.

Pale kazini nina shoga yangu tunamwita Pua. Yeye hafungui mfuko kabla hajaubashiri. Anaubonyeza, anaunusa, anatoa hukumu: huu wa wazazi wenye kichanga, huu wa mvulana anayeishi peke yake, huu wa mwalimu. Maana takataka za nyumba moja huwa zinalala pamoja, hazichanganyiki na za jirani hadi sisi tuzichanganye. Tukipata kitu kizuri, kwanza tunaangalia kimelala na nini.

Mfuko ule ulivyotoka, Pua aliubonyeza mara moja tu. "Kinyozi huyu," akasema.

Nami nikaupasua. Nywele tele, kavu, kama zimenyolewa jana. Karatasi za nyembe. Makopo ya poda. Vitana visivyo na meno. Mashine ya kunyolea ya mkono, mpini wake mmoja umevunjika ukaungwa kwa waya mwekundu. Na juu ya yote, limelala chali, sinia.

Vinyozi ni wengi katika mji wowote, na siku ile macho yangu yote yalikuwa kwenye shaba. Sikuwaza zaidi ya hapo.

Mlango wa jikoni ukafunguliwa. Baba mkwe akaingia na chupa ya chai mkononi.

"Nimekuletea chupa," akasema.

Nikaitazama. Mshikio wake ulivunjika zamani. Uliungwa kwa waya mwekundu.

Nikainua macho. Miwani ya mzee, pale kwenye sikio: waya mwekundu. Antena ya redio yake dirishani: waya mwekundu. Kiti anachokalia akipunga upepo, kile kile alichoniachia: mguu wa nyuma, waya mwekundu. Nyumba nzima imeungwa na mzee yule kwa waya ule ule, nami nilikuwa nauona kila nikija bila kuuona.

"Baba," nikasema, "sinia lilikuwa ndani ya mfuko wa kinyozi."

"Vinyozi tulikuwa wengi mji huu, mwanangu."

"Waliounga mashine kwa waya mwekundu?"

Akaufunga mlango. Akatafuta pa kukaa, akakalia ndoo.

"Siku hiyo nilikuwa na bwana harusi," akasema kwa sauti ya chini. "Mtu mkubwa, anakuja na ndugu zake. Nikaona aibu kumpangia nyembe juu ya gazeti. Nikalichukua sinia asubuhi, sikumwambia mke wangu, nikajua jioni nitalirudisha. Basi wakaja, nikawanyoa wote. Wakati wa kufagia, lile beleshi dogo likavunjika mpini. Nikazoa nywele kwa sinia."

"Kwa sinia la marehemu?"

"Lilikuwa karibu." Akajifuta paji la uso. "Nazoa, gari la taka likapiga honi. Ukilikosa, unakaa na nywele wiki nzima. Nikasukuma kila kitu mfukoni, nikafunga fundo, nikarusha. Nilipokumbuka, gari limeshakata kona."

Nilitaka kucheka. Nasema kweli, nilibana midomo.

"Ungesema, baba."

"Nilikuja nyumbani niseme. Nikamkuta ameshamtukana dada yake mbele ya majirani. Ningesemaje tena pale? Nikasema nitamwambia kesho. Kila siku nilikuwa na kesho."

Maji yakachemka. Hakuna aliyeyagusa.

"Sasa sikiliza," akasema, akanishika mkono. "Kiwanja mmeshapata. Namjua mke wangu, ameshalainika. Wewe nyamaza tu, mwanangu. Mimi ni mzee, nitaenda wapi akinifukuza?"

"Na Mama Mkubwa?"

"Ameshazoea."

"Ameshazoea kuitwa mwizi?"

Alichukua sukari akaweka kwenye chupa ambayo haikuwa na chai.

Nampenda yule mzee. Nimesema na narudia, nampenda kuliko ninavyompenda baba yangu mwenyewe, ambaye siku ya harusi yangu alikwenda kuangalia mpira. Nikamwambia, "Sawa, baba." Nikapika chai.

Niliporudi sebuleni, mambo yalikuwa yameshaiva. Mama mkwe alikuwa ameita mapacha wetu kutoka uani, amewaweka mmoja kila upande.

"Nasema mbele ya wote," akasema. "Kiwanja cha nyuma ni cha mama mapacha na mumewe. Kesho waje wapime. Wifi mtu, umesikia?"

"Nimesikia," wifi akajibu, kwa uso wa mtu aliyeng'atwa na sisimizi.

Vyumba viwili! Nikaanza kuviona palepale. Dirisha hapa, kitanda cha watoto pale, mlango wetu wenyewe na ufunguo wetu wenyewe. Baba mkwe akanikonyeza. Nikanywa chai, ikawa tamu, sukari ilikuwa imezidi.

Ndipo mume wangu akaingia, na nyuma yake Mama Mkubwa.

Nilimzoea wa msibani, mweusi tii kwa mavazi na uso umefungwa. Huyu alivaa gauni la kutokea, amepaka mafuta usoni, na viatu vyake ni vipya mpaka anatembea kwa kuvionea huruma. Alifikiri ameitwa kwa heri. Kwapani alikuwa na kifurushi kipana.

"Kadogo," akasema. "Umeniita."

Uso wa mama mkwe ukacheza. Sidhani kama kulikuwa na mtu mwingine aliyebaki duniani wa kumwita hivyo. Lakini alikuwa ameshajipanga, akajikaza.

"Nimekuita, kaa."

"Kabla hujasema, fungua hiki."

Akakiweka kifurushi mezani, akakifungua mwenyewe, maana mdogo wake hakunyoosha mkono. Lilikuwa sinia. Jipya, la shaba, karatasi ya duka bado imebandikwa katikati, imeshageuka rangi kwa kukaa.

"Nililinunua zamani," Mama Mkubwa akasema. "Kila mwaka nasema nitakuletea, naogopa utanifungia mlango. La mama sikulichukua, Kadogo. Lakini nimechoka. Tumebaki wawili. Chukua hili, yaishe."

Mama mkwe akaingiza mkono nyuma ya mto wa kochi, akatoa la zamani.

"Na hili je?"

Mama Mkubwa akalitazama. Hakushtuka kama mwizi. Alilishika kwa mikono miwili, akatafuta kibonyeo, akatabasamu.

"Hapa ulipoliangusha kisimani. Mama alinichapa mimi." Kisha, "Lilikuwa wapi?"

"Jalalani. Ulikolitupa."

Tabasamu likaondoka. Akakaa. Akamwangalia mdogo wake kwa muda, kama mtu anayepima kama bado ana nguvu za kubishana.

"Ukitaka niseme nililiiba ndipo tule sahani moja," akasema, "basi nililiiba."

Mama mkwe alikuwa na hotuba, niliona kabisa hotuba ikimjia mdomoni. Haikutoka. Akamwangukia dada yake shingoni, wakalia wote wawili kwa sauti. Mume wangu akalia. Wifi yangu akalia, nami sikujua kama anayo machozi. Baba mkwe akalia kuliko wote, akavua miwani yake ya waya, na ni mimi peke yangu niliyejua anachokililia.

Sasa hesabu mwenyewe, msomaji. Dada wamepatana. Kiwanja ninacho. Mzee yuko salama. Nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu, mdomo umejaa chai.

Nikanywa. Nikajiambia, wewe mwanamke, mara moja katika maisha yako mambo yamekunyookea, usiyaguse.

Mama mkwe akajifuta macho, akawavuta mapacha wangu mbele.

"Wajukuu zangu, njooni. Huyu ni bibi yenu mkubwa. Zamani aliiba, lakini amekiri, nasi tumemsamehe. Mpeni mkono."

"Aliiba nini?" akauliza pacha wa kwanza.

"Aliiba sinia la mama yetu."

Pacha wa pili, ambaye huwa anauliza baada ya kufikiri, akaurudisha mkono wake nyuma.

Mama Mkubwa akabaki na mkono hewani. Akauteremsha mkono, akaupeleka kwenye gauni lake la kutokea, akawa analinyoosha pale lisipokuwa na mkunjo.

Nikaweka kikombe chini.

Baba mkwe aliniona. Akatikisa kichwa, kidogo sana. Mume wangu, asiyejua lolote na mwenye furaha yake ya vyumba viwili, akanikanyaga mguu ili nisiharibu. Nilimwonea huruma. Nilijionea huruma na mimi pia, maana lile dirisha nilikuwa nimeshalitundikia pazia.

"Mama," nikasema. "Sinia halikuwa peke yake. Lilikuwa kwenye mfuko, na mfuko ulikuwa na vitu vingine."

Mama mkwe akageuka, mkono wake bado uko begani kwa dada yake.

"Vitu gani?" akauliza.

Lakini hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anamtazama mumewe.